Sentimita Kumi za Musembi

Ukitoka Githurai ukiingia Mwihoko, pale lami inaishia na vumbi inachukua kazi, utaona mlango umelazwa kando ya barabara. Ni mlango wa ukweli, mbao nzito, ulitoka kwa nyumba iliyobomolewa, Musembi akauwekea miguu minne na sasa ni benchi. Tundu la kufuli bado liko, na hapo ndipo Volti hupitisha waya wa kuchaji simu yake kutoka kwa soketi yangu, bila kuniuliza. Nyuma ya benchi kuna jiko langu na birika mbili za kahawa ya tangawizi. Mimi naitwa Ndunge, mama ya Mbinya, na nasema mapema ndio tusisumbuane: kwa hii benchi kila mtu ana mdomo, lakini kahawa ni yangu. Ikiisha watu huenda kwao, hata kama mjadala umefika mahali patamu.

Watu wa kila jioni ni watatu. Musembi ni fundi wa mbao, tunamwita Milimita kwa sababu mlango wake haujawahi kukataa kufunga. Jeconia ni mzee aliyemaliza miaka ishirini na saba kwa kiwanda kimoja Thika, akatoka huko bila ncha ya kidole kimoja. Huyo ni Kamishna, maana kila jambo kwake linataka tume ya uchunguzi, na mwenyekiti ni yeye. Wa tatu ni Obiero, fundi wa stima, na hapa jina lake ni Volti. Ni baba ya watoto wawili, lakini ukimsikia akiongea utadhani ametoka shule jana kwa kuruka ua.

Muhula huu akaongezeka wa nne, Mwalimu Kavata. Ni intern, mwalimu wa mkataba, pale shule ya junior ya karibu, na ndiye mwalimu wa Mbinya wangu, Grade Eight. Chuoni alisomea Historia na CRE, yaani somo la dini ya Kikristo. Akianza kusimulia vile Wakamba walikuwa wakitembea na misafara mpaka pwani, utaacha kahawa ichemke imwagike. Sasa mwezi wa tano mwalimu wa Pre-Technical alihama na hakuna mwingine aliletwa. Hilo ndilo somo la mbao, waya, vyuma na michoro. Mkuu wa shule akamwita Kavata akamwambia kuanzia kesho ni lako. Kavata akasema hajawahi kushika msumeno maishani. Mkuu akamjibu kwamba hata yeye hajawahi. Tusimwonee, naye hakuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Ati alifunzwa. Ni kweli kuna semina alipelekwa, siku mbili, ukumbi mmoja hapo Thika, walimu mia tatu na projekta moja. Siku ya kwanza stima ilipotea wakiwa kwa slaidi ya tatu. Siku ya pili walisimamishwa wafanye mazoezi ya wimbo wa kumpokea mgeni wa heshima, mgeni hakufika, wakapewa soda na cheti wakaambiwa waende wakatekeleze. Cheti kinasema Kavata amehitimu. Amekiweka ndani ya Biblia yake, kwa kitabu cha Ayubu.

Ndiposa akaja kwa benchi. Jioni ya kwanza alisimama kando ya jiko, akaniuliza pole pole kama ni kweli mafundi hunywa kahawa hapa. Nikamwambia hunywa, lakini usidhani wataongea kazi, hawa huongea siasa. Akasema hiyo atavumilia. Kutoka siku hiyo alikuja kila jioni wiki tano nzima, kwa hii baridi ya mwezi wa sita na wa saba, na kitabu chake cha jalada la kijani. Volti alimfundisha kufungua soketi bila kufa. Kamishna alimfundisha mambo ya usalama, na kifaa chake cha kufundishia kilikuwa kile kidole. Musembi alimfundisha mbao, akimpimia vipande hapa juu ya benchi na ile tepu yake ya manjano, Kavata akiandika. Alichokijua jioni, watoto walikijua kesho yake asubuhi. Shuleni kuna msumeno mmoja tu, na umefungiwa kwa ofisi ya mkuu usiibiwe.

Jumanne moja akaja bila kitabu. Alikuwa amebeba barua.

Aliketi, nikamwekea kikombe, akatusomea. Afisa wa ukaguzi angekuja Alhamisi kukaa darasani akimwangalia akifundisha Pre-Technical. Mkataba wa Kavata unaisha mwezi wa kumi na mbili, na ripoti ya huyo afisa ndiyo ingesema kama ataajiriwa kabisa ama atarudi kwao Kalimoni kupalilia nyanya na mamake. Alisoma mpaka mwisho na sauti haikutetemeka.

Musembi ndiye alianza. Alisema shida ya hii nchi ni ndogo sana, ni kwamba wakubwa wanafikiri mwalimu ni mwalimu tu. Kwao ukishajua kushika chaki unaweza kufundisha kitu yoyote. Yeye ni fundi, akasema, lakini hakuna mtu amewahi kumletea jino lililooza ati amtolee kwa sababu ana koleo.

Kamishna alikohoa. Akikohoa hivyo ujue tume imeanza kukaa. Alisema Musembi anaongea kama mtoto, wakubwa wanajua sana, na hii ni mpango. Huko kiwandani kwao saa ya geti ilikuwa inakimbia asubuhi na inatembea jioni. Ukifika mapema umechelewa, ukitoka umechoka bado dakika ishirini. Sasa wenye viwanda hawataki watoto wanaojua kupima, kwa sababu anayejua kupima mbao kesho atapima saa. Ndio maana wanachagua mwalimu asiyejua somo na kumpa hilo somo. Alisema anaweza kuleta ushahidi. Huwa anasema hivyo, na miaka yote sijaona hata karatasi moja.

— Buda, hakuna mtu alichagua, Volti akasema. Ni kompyuta. Kuna kompyuta mahali Nairobi, usiku inachanganya walimu. Cousin yangu amesomea stima, full diploma, na saa hii ako Kiuu anafundisha CRE. Juzi amefunza watoi kile kichaka cha Musa kuwaka ilikuwa shoti ya stima.

Tulicheka, hata Kavata. Kamishna hakupenda kupitwa. Akasema kama ni hivyo basi tuongee ukweli wote: zile semina hazikuwekwa za walimu, ziliwekwa za soda. Kuna mahali soda ilitengenezwa nyingi kuliko watu, na lazima inywewe na mtu asiyeweza kukataa. Nikamwambia Kamishna ameze kahawa kwanza, hiyo tume imefika mbali.

Kavata aliacha kucheka kabla yetu.

— Mnajua kitu kinaniudhi? alisema. Kila mahali naambiwa ualimu ni wito. Nikiomba mbao, naambiwa ni wito. Nikiomba mtu aje anionyeshe hata siku moja, naambiwa ni wito. Daktari kabla apasue mtu, huwa anaambiwa ni wito ama anafundishwa kwanza?

Musembi akamuuliza Alhamisi somo litakuwa gani. Akasema ni kupima na kukata, tena kila mtoto ameambiwa atengeneze boksi la kalamu nyumbani na alilete siku hiyo: urefu sentimita thelathini, upana ishirini, kimo kumi na mbili. Wote ni sitini na wanane. Musembi alinyoosha mgongo akafurahi waziwazi.

— Kama ni kupima, usilale na wasiwasi, mwalimu. Hiyo nilikufunza mimi.

Kesho yake, Jumatano, Mbinya alitoka shule na kuja moja kwa moja kwa jiko. Boksi lake alikuwa amemaliza Jumapili, na vipande alivyopewa na Musembi, kwa msumeno wa kuazima, mpaka akapata lengelenge kwa kiganja. Siku hiyo nilikuwa kanisani halafu matangani, sikuliona likiisha. Sasa alilitoa kwa mfuko wa plastiki akalipeleka kwa Musembi ndio asifiwe.

Mimi si fundi, lakini hata mimi niliona. Lilikuwa limepigwa msasa vizuri, kona zimeshikana, misumari imeingia yote. Ila lilikuwa fupi, jembamba, na ukuta wake haukufika hata urefu wa sanduku la kiberiti likisimamishwa. Ukisimamisha kalamu ndani ingeanguka nje. Musembi aliligeuza mara tatu. Akatoa tepu akapima, akapima tena.

— Hii ni ishirini kwa kumi, akasema. Kimo ni mbili. Mbinya, mwalimu alisema hivi?

— Alisema thelathini kwa ishirini, kimo kumi na mbili, Mbinya akajibu. Na ndio hiyo. Tulianza kwa kumi, vile fundi huanza. Darasa yote tumeanza kwa kumi.

Hapo ndipo niliona uso wa Musembi ukibadilika. Niwaeleze. Tepu ya Musembi haina mdomo. Miaka minne iliyopita ilikanyagwa na lori ya mchanga, kile chuma cha mbele kikaenda na sentimita tisa na kitu. Mtu mwingine angenunua mpya. Musembi alisema tepu bado ni nzima, akaikata vizuri pale kwa kumi, na tangu siku hiyo yeye huanza kwa kumi, halafu mwisho anaongeza kumi. Akitaka thelathini, anakata kwa arubaini. Hasemi. Mkono unafanya, kichwa kinaongeza, na mdomo wakati huo unaongea siasa. Sisi wote wa benchi tunajua tepu imekatika, hata hatuioni tena.

Kavata alipofika Musembi alikuwa analipima mara ya tatu, na hiyo pekee ilimwambia kuna jambo. Aliona boksi. Hakuuliza ni la nani. Alifungua kitabu cha kijani, ukurasa wa pili kabisa, akatusomea vile alivyoandika wiki ya kwanza: kwa mbao, anza kwa kumi. Alikuwa ameipigia mstari chini mara mbili. Alituambia aliiona tepu imekatika, lakini alidhani ndivyo mafundi huikata. Alimuuliza Musembi hiyo kuanza kwa kumi ni ya nini, Musembi akamwambia ni ndio ikae sawa, naye akafikiri hizo kumi ni za kuunganishia, kwamba kwa mbao kuna njia ya mafundi ambayo watu wa Historia hawaijui.

— Fundi, akasema, hizo kumi zinaenda wapi?

— Zinarudi. Nazirudisha kwa kichwa.

— Hukuniambia.

— Sikujua kama sijasema, Musembi akasema. Mwalimu, mimi sijawahi kufundisha mtu. Vijana wangu huangalia tu, wakikata vibaya nawagombeza, wanakata tena. Wewe hujawahi kukata mbele yangu hata kipande kimoja. Ulikuwa unaandika tu.

Ni kweli. Wiki tano aliandika, na hakuna siku alipewa msumeno hapa, kwa sababu Musembi alimwonea huruma na nguo zake za shule, na huko shuleni msumeno uko ofisini. Boksi sitini na nane zilikuwa zimekatwa nyumba kwa nyumba, Mwihoko yote, na zote zilikuwa zinakuja asubuhi kwa mkono wa watoto.

Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Mtoto wangu ameumia kiganja kwa boksi la kimo cha vidole viwili. Hasira ilitaka mtu wa kumwangukia. Nilimwangalia Kavata, nikaona huyu amekunywa vumbi wiki tano akitafuta kujua. Nilimwangalia Musembi, nikaona huyu alitoa jioni zake bure. Nikafikiria yule mkuu na msumeno wake mmoja. Kila nilipoipeleka hiyo hasira ilinirudia mkononi, nikaishia kuchochea makaa mpaka cheche zikaruka.

Wenzangu nao walianza kumwokoa mwalimu, na hapo ndipo utajua benchi ni benchi. Volti alisema tulale macho, tukate boksi mpya sitini na nane, yeye ataleta taa. Musembi alikuwa tayari ameanza kuhesabu mbao kabla nimuulize watoto watasema wametoa wapi. Kamishna akasema hakuna haja ya boksi mpya, afisa aambiwe hizi ni sinia za kuotesha sukuma wiki, somo limeunganishwa na kilimo. Volti akaona hiyo ni ndogo. Akasema yeye anaweza kukata stima ya shule, afisa asione chochote. Nikamkumbusha shule hufunzwa mchana. Kamishna alifikiri kidogo, akaja na ingine: tupinge tepu ya afisa yenyewe. Nani ameipima hiyo tepu? Ilipimwa na tepu gani? Alisema tume ikiundwa kesho, mpaka wamalize hiyo swali Kavata atakuwa ameshaajiriwa na kustaafu.

Kavata aliwaacha wamalize. Boksi la Mbinya lilikuwa kwa magoti yake.

— Angalieni hii kazi, akasema. Huyu mtoto amepima sawasawa. Alianza mahali nilimwambia, akaishia mahali nilimwambia. Wote sitini na wanane hawajakosea hata mmoja, wamefanya vile walifunzwa. Na mimi nimefanya vile nilifunzwa. Sasa kesho nifiche nini, na nimfichie nani?

— Kazi yako, mwalimu, nikamwambia. Ficha ndio upate kazi.

— Nikificha nitaipata, na nitafundisha hivi hivi miaka thelathini. Fundi, niazime hiyo tepu.

Musembi haazimi mtu tepu. Bibi yake mwenyewe alitaka kupima pazia akaambiwa atumie kamba. Aliitoa mfukoni akaifuta kwa shati, akampa.

Alhamisi saa nane na nusu Mbinya alikuja akikimbia, akanieleza yote nikiwa nakuna tangawizi. Kavata alipanga boksi zote sitini na nane mezani, hakuacha hata moja. Afisa alikaa nyuma na karatasi zake. Kavata akainua ile tepu juu, akawaambia watoto kwamba kuna sentimita kumi zimepotea kwa kila boksi, kwamba aliyezipoteza ni mwalimu wao, na kazi ya leo ni kuzitafuta. Halafu Akoth wa dawati la nyuma, yule msichana asiyeongea, akaja mbele akaweka rula juu ya tepu, akasema mwanzo wa hii kitu hauko. Baada ya hapo, Mbinya akasema, kila mtu alitaka kushika tepu. Walipima boksi, wakapima madawati, wakapima mwalimu. Wakachora jedwali la kilichosomwa na kilicho cha ukweli. Kengele ililia na hakuna aliyetoka. Nilimuuliza na afisa alifanya nini. Akasema afisa aliandika tu.

Saa kumi nikawaona wakija, Kavata mbele na mtu wa koti la kijivu nyuma, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi yetu. Nilifikiri anaelekea stendi. Kumbe alikuwa amemfuata mwalimu kutoka shule, kwa sababu fomu yake haikuwa na saini.

Jina lake alituambia ni Erastus. Alisema hataki kahawa, halafu akaketi, na mtu akiketi hapa nampa. Alikuwa mpole, sitamsingizia. Alieleza kwamba lile somo lilikuwa zuri, hajaona darasa limechangamka hivyo kwa muda mrefu, na sehemu hiyo amempa mwalimu alama nzuri. Lakini fomu inauliza kama mwalimu analijua somo lake, na inauliza kama kazi ya wanafunzi inalingana na vipimo. Boksi zile amezipima. Kwa hivyo pale ameandika dhaifu, na kwa mapendekezo ameandika mwalimu ajitahidi zaidi. Mwalimu anapaswa kusaini ndio fomu iende. Bila saini yeye hawezi kurudi nayo ofisini.

— Sisaini, Kavata akasema.

Musembi alisimama. Alimwambia afisa aandike kosa ni lake. Aandike Musembi, fundi wa mbao, Mwihoko, ndiye alimpotosha mwalimu. Afisa akamwambia kwa heshima kwamba hiyo haiwezekani, yeye si mfanyakazi wao, hana nambari ya kazi.

— Fundi, keti, Kavata akamwambia. Wewe ulinipa kile ulikuwa nacho. Usijitie kwa hii karatasi.

Akamgeukia afisa. Hakupandisha sauti.

— Hii fomu ina maswali mangapi?

— Kumi na nne.

— Yote yanauliza mimi nimefanya nini. Nimeandaa nini, nimejua nini, nimeleta vifaa gani. Nionyeshe ni lipi linauliza mimi nimefanyiwa nini.

Afisa Erastus alivaa miwani. Alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi kwa wa kwanza. Alisoma kama mtu ambaye hajawahi kuisoma hiyo fomu, na labda ni kweli hakuwahi. Volti alikuwa ameacha simu. Mwishowe afisa akasema halipo.

Kavata akaichukua fomu kwa mkono wake, akaigeuza upande ule haujaandikwa, akailaza juu ya benchi. Alimwomba Mbinya rula na kalamu. Aliweka rula, akaangalia sifuri iko wapi, akachora mstari. Akachora mwingine. Akaandika pale juu, polepole, vile huandika ubaoni: mafunzo na msaada aliopewa mwalimu katika somo hili. Chini yake akaandika semina siku mbili, stima ilipotea kwa slaidi ya tatu. Akaandika benchi ya Ndunge, wiki tano. Halafu akachora mstari wa mwisho akaandika: aliyepaswa kumfundisha.

— Mwalimu, fomu ikichorwa itarudishwa, afisa akasema.

— Irudishwe. Utaniletea, nitachora tena.

— Na mkataba wako? Unajua ninachoweza kufanyiwa mimi, na unajua utakachofanyiwa wewe.

— Najua. Kalimoni kuna nyanya, sitakufa njaa. Lakini mwaka ujao mwingine ataletwa hapa akiwa amesomea Kifaransa, na watampa hii somo, na wewe utakuja umwandikie dhaifu. Huyo naye atakunywa kahawa ya nani?

Nilitaka kumpigia makofi, ila mikono ilikuwa na unga wa tangawizi. Afisa alitoa miwani akaifuta. Alituambia, bila kuulizwa, kwamba yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa Jiografia miaka kumi na minne. Hii fomu alionyeshwa asubuhi moja, kabla ya chai ya saa nne, na baada ya chai aliambiwa amehitimu kukagua. Kamishna alitikisa kichwa kwa huzuni, kwa mara ya kwanza bila kuita tume. Nikamjazia afisa kikombe cha pili.

Alikinywa chote. Halafu akatoa kalamu yake, akavuta ile karatasi karibu, akasoma alichoandika Kavata mstari kwa mstari, na akaweka tiki kwa semina, tiki kwa benchi. Akafika pale mwisho. Kalamu ikasimama.

— Hapa, akasema. Aliyepaswa kumfundisha. Sasa niandike jina la nani?

Alikuwa anauliza kwa nia njema, na alituangalia mmoja mmoja. Volti aliinamia tundu la kufuli akachomoa waya wa simu. Musembi aligeuza tepu yake mkononi. Kamishna alifungua mdomo, na sisi wote tukamgeukia, maana kama kuna mtu Mwihoko anayejua majina ya wakubwa wa kila kitu ni yeye. Akaufunga. Mimi nilifikiria mkuu, nikafikiria ule ukumbi, nikamfikiria mgeni wa heshima ambaye hakufika, na hakuna hata mmoja ningeweza kumtaja na kuapa. Nilishika birika nimwongezee afisa, ikatoka makapi ya tangawizi tu. Ya pili ilikuwa imeisha kitambo.

— Kahawa imeisha, nikasema.

Hakuna aliyesimama. Kavata alichukua kalamu kutoka kwa mkono wa afisa, akasaini. Hakusaini pale walipomwekea, alisaini chini ya mistari yake mwenyewe, jina lote, na tarehe. Akamrudishia karatasi.

— Iache hapo wazi, akasema. Lakini usiifute, na usiikunje ndani. Ifike ofisini ikiwa wazi. Wakiuliza ni nani ameleta swali halina jibu, jina langu liko hapo chini.